Kikombe cha Nyongeza

Mama Vikombe ana kazi mbili, na zote mbili zinaitwa vyombo. Ya kwanza ni kukodisha vyombo vya sherehe: sahani, vikombe, bakuli, mabirika, na masufuria ya kupikia umati. Ya pili ni kurusha vyombo vya anga ndani ya kompyuta. Kiswahili hakikuona haja ya kujisumbua. Bakuli ni chombo, meli ni chombo, na kile kinachokwenda mwezini nacho ni chombo. Kwa hiyo lawama za yaliyotokea kipelekeeni Kiswahili, mwenzetu mwacheni apumue.

Kazi ya kwanza hakuianza peke yake. Aliianza na wifi yake, dada wa mumewe, ambaye nyumba zao zinagusana ukuta kwa ukuta. Mume mwenyewe ni dereva wa lori la masafa marefu. Akirudi anaoga, anakula, analala, anaondoka, kwa hiyo tumwache barabarani huko salama. Mama Vikombe alikuwa na sahani na vikombe. Wifi alikuwa na masufuria na mabirika. Siku moja walichoka kuazimana, wakaamua kuviunganisha vyote viwe vya biashara, na kila kimoja wakakitia nukta mbili za rangi nyekundu ya kucha kwenye kitako. Nukta moja ya huyu, nukta moja ya yule. Alama yenyewe ni ya lazima, maana vyombo vya kukodi vina miguu. Vinakwenda harusini hamsini, vinarudi arubaini na saba, na kila mtu anaapa hajaviona.

Wifi ndiye alikuwa polisi. Ukimkaribisha chai kwako, hainywi kabla hajakiinua kikombe juu na kuchungulia kitako chake, mbele ya wenyeji, bila haya. Kwa daktari wa meno aliwahi kuigeuza bilauri ya kusukutulia na kujimwagia maji kifuani. Mama Vikombe alitamani ardhi ipasuke. "Na kama ingekuwa yetu?" Wifi alimuuliza njia nzima wakati wa kurudi.

Lakini msimwone mchoyo. Huyohuyo Wifi, ukikodi sahani hamsini, anakuhesabia hamsini kwa sauti, halafu anaweka moja zaidi juu yake, kimya.

"Hii nayo ya nini?" mteja mgeni huuliza.

"Nyongeza. Ya yule mgeni ambaye hukumwalika. Hakosi."

Na kweli, hakosi.

Sasa hiyo kazi ya pili. Wifi ana mtoto mmoja wa kiume, aliyekwenda kufanya kazi mji mwingine, akaiacha kompyuta yake kwa Mama Vikombe, mke wa mjomba wake, kwa sababu kwa mama yake kila meza imekaliwa na sufuria. Kijisanduku cha intaneti kikabaki kwa Wifi, waya ukapitishwa kwenye tundu la ukutani, na kijana akabandika karatasi juu ya tundu: WIFI YA WIFI. Alijiona mjanja sana. Mama Vikombe aliiwasha kompyuta akitaka kujifunza kutengeneza tangazo la biashara, akaona kwenye kioo kijipicha cha kitu cha mviringo, cheupe cha kung'aa. Akasema, loo, mtoto ametuwekea picha ya sufuria. Akabonyeza. Kufumba na kufumbua yuko juu ya mawingu, taa nyekundu zinawaka kila upande, na kitu kinamlilia kwa king'ora.

Alianguka, akawasha tena, akaanguka tena. Mtu mwingine angezima akaenda zake kufua. Yeye hapana, ana ukaidi wa mtu aliyewahi kusugua sufuria iliyoungua. Alianguka baharini, akaanguka jangwani, aliugonga mwezi hadi akauonea huruma, na siku alipotua wima bila kuvunja kitu alitoka uani akapiga vigelegele peke yake. Wifi akadhani kaka yake amerudi.

Ndipo akalikuta kundi kwenye simu, Vyombo vya Anga, la watu wanaorusha kwa programu hiyohiyo ya kuigiza safari za anga na kuzungumza Kiswahili. Kila Jumapili hupeana picha: kila mtu anaipiga picha skrini yake pale palipompendeza, akaituma, wenzake wakamsifu au wakamcheka. Zaidi ya picha, wanatengenezana vitu. Programu inakuja na vyombo vichache tu. Mtu akitaka chombo kipya, au kituo, au injini, anaunda mwenyewe na kuwagawia wenzake wakiweke juu ya vile vilivyokuwepo. Unajua vitu hivyo wanaviitaje? Nyongeza. Mama Vikombe alipoliona neno hilo mara ya kwanza alicheka hadi miwani ikamdondoka. "Kumbe na huku ipo!"

Kundi linaongozwa na mtu wanayemwita Mwalimu, mpole, mwenye kusahihisha kila kitu. Yupo pia Kinyozi, ambaye kweli ni kinyozi, na ambaye nyongeza yake ya kwanza ilikuwa chombo chenye kiti cha kunyolea na kioo. Mama Vikombe alijiandikisha kwa jina la Kijiko. Wakamwita mkuu, wakamwita kaka, wakamwita bro. Kiswahili hakitenganishi yeye wa kike na yeye wa kiume, na yeye hakuulizwa, kwa hiyo hakudanganya. Akawaacha.

Nyongeza aliyoichagua ilikuwa jiko. Alikuwa ameshaingia vyombo vingi vya anga, vina viti, vina vitufe ukutani hadi darini, lakini mahali pa kuweka kikombe cha chai hamna. "Watu hawa wanakwenda mwezini na njaa?" aliuliza kundini. Akaanza kuunda, akiwa na vyombo vyake halisi mezani vya kutazamia. Kikombe cha kwanza alikipima kwa sentimita, na programu ikamhesabia kwa mita. Alipokifungua angani, kikombe kilikuwa kikubwa kuliko chombo, kuliko kituo, kimeifunika nusu ya dunia kwa kivuli. Kinyozi akaandika: "Mkuu, hiyo chai ni ya nani?" Picha ile bado wanaituma mtu akihuzunika.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa mazuri, hadi siku ya "nenda".

Siku hiyo Mama Vikombe alikuwa anaunganisha chombo chake na kituo. Wasiojua niwaeleze. Kituo kinaizunguka dunia, chombo nacho kinaizunguka dunia, na wewe unatakiwa uupeleke mdomo wa kimoja taratibu hadi uingie kwenye mdomo wa kingine. Ni kutunga uzi kwenye sindano huku wewe mbio na sindano mbio. Ukipepesa jicho, umegonga. Yeye alikuwa ameshagonga mara kadhaa tangu asubuhi. Alikuwa amekaa ulimi nje, pumzi kaibana.

Wifi akaingia, akakaa kwenye kochi nyuma yake, akakohoa kidogo.

"Wifi, mwanangu amenipigia simu. Anataka nihamie kwake. Ana chumba, anasema nimezeeka kubeba masufuria."

"Ehe."

"Mimi sijamjibu. Nimemwambia kwanza nimuulize wifi yangu, maana tulianza wote."

"Mmh."

"Sasa wewe unasemaje? Niende?"

Chombo kilikuwa kimebakiza urefu wa mkono tu.

"Nenda," Mama Vikombe alisema kwa sauti laini, ya kubembeleza. "Nenda. Nenda hivyohivyo. Nenda mama, usigeuke."

Wifi akainuka. Mlango ukafungwa. Chombo kikaingia mahali pake, ka!, na Mama Vikombe akaruka kutoka kitini akishangilia, akageuka ili amwonyeshe Wifi, akakuta kochi tupu. Akadhani amekwenda kuepua kitu jikoni kwake.

Kesho yake akamkuta anafunga masufuria kwa kamba.

"Kulikoni?"

"Nahama. Nakwenda kwa mwanangu mwisho wa mwezi."

Mama Vikombe aliitazama ile kamba. Miaka yote hiyo, halafu mtu anafunga kamba bila hata kumuuliza! Angesema usiende, mambo yakaisha palepale. Lakini moyo uliojeruhiwa una kiburi. Akasema, "Haya. Safari njema."

"Ahsante," Wifi akajibu, macho kwenye kamba. "Nilijua hutanizuia."

Mnawaona? Neno moja limewakaa katikati. Huyu analia kwa kuwa amelisikia, na yule hajui kama amelisema. Ningekuwepo mimi ningewagonganisha vichwa.

Tangu hapo wakawa wanaishi kwa adabu. Walikuwa wakipeleka vyombo kwa wateja kama kawaida, huyu ameshika huku, yule ameshika kule, na kila mmoja anamwambia mwenzake tafadhali na ahsante sana. Ukisikia mawifi wanaambiana ahsante sana, jua nyumba inaungua. Zamani Wifi chai ikiiva alikuwa anaugonga ukuta kwa mwiko, ko ko ko, na Mama Vikombe anakwenda na kikombe chake mkononi. Sasa ukuta ulikaa kimya. Biashara peke yake angeiweza, sahani angezibeba, vijana wa kukodi wa kubeba masufuria wapo tele. Asichoweza kuvumilia ni ukuta ule kunyamaza, na kila siku iliyopita ilikuwa inamsogeza karibu na ukuta utakaonyamaza moja kwa moja.

Na wifi ile nyingine, ya kwenye waya? Kila asubuhi alitazamia aikute imezimwa. Haikuzimwa. Umeme ukikatika na kurudi, alimsikia Wifi akikokota kandambili kwenda kukiwasha kijisanduku kwanza kabla ya taa yake mwenyewe. Wifi amenuna, wifi ipo. Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote.

Jiko lake lilikuwa karibu kwisha. Chombo alichokiwekea ni cha watu wanne, kwa hiyo alikuwa ameunda birika moja, sahani nne, vijiko vinne, na vikombe vinne, kila kikombe kimebanwa na kibanio chake ukutani, kwa sababu huko juu hakuna uzito na kitu kisichobanwa kinazurura. Kila kikombe alikitia nukta mbili nyekundu kwenye kitako. Mwalimu alikuwa amemkataza. "Mkuu, vitako usivichore, hakuna anayeviona, unaitwisha kompyuta mzigo bure." Hakuweza. Kikombe kisicho na nukta ni cha watu wengine.

Halafu asubuhi ya Jumapili, bila kujishauri sana, akaunda cha tano. Hiki hakukiwekea kibanio. Akakirusha chombo, akaizunguka dunia, akalifungua pazia la dirisha la jiko, maana jiko lake lina dirisha, mtu hawezi kupika bila kuona nje. Kile kikombe kikajiondokea polepole, kikajigeuza kichwa chini miguu juu, kikatulia mbele ya kioo na dunia ya buluu nyuma yake. Nukta mbili nyekundu zikamtazama. Mama Vikombe akaipiga picha skrini, akakaa pale anaitazama, na machozi yakamtoka akayafuta kwa ncha ya kanga. Aliona ni picha nzuri kuliko zote alizowahi kupiga. Akaihamishia kwenye simu apeleke kundini.

Sasa sikilizeni kosa lenyewe. Mchana wa Jumapili hiyohiyo Fundi Cherehani, mteja wao wa siku nyingi, alikuwa ameomba aone masufuria kabla ya sherehe ya binti yake. Mama Vikombe alikuwa ameshayapiga picha uani, yamesuguliwa hadi unaweza kujifungia kilemba kwa kujitazama kwenye mfuniko. Kwenye simu kulikuwa na makundi mawili yamefuatana, la wateja linaitwa Vyombo, la wale wengine linaitwa Vyombo vya Anga. La kwanza lina picha ya sufuria, la pili lina picha ya roketi, na vyote viwili vyeupe vinang'aa. Miwani alikuwa ameivua wakati wa kufuta machozi. Akatuma moja huku, moja kule, akaiweka simu mezani, akaenda kusuuza vikombe.

Simu ikaanza kutetemeka. Ilitetemeka hadi ikajisogeza yenyewe ukingoni mwa meza. Akaja, akavaa miwani, akaanza na Vyombo vya Anga.

"MKUUUU," Kinyozi alikuwa ameandika. "Hii alumini umeitengenezaje???"

"Miaka yote niliyokaa kwenye mambo haya sijaona mwanga kama huu," Mwalimu aliandika. "Tazameni lile tone la maji kwenye mkono wa sufuria ya pili. Linakaribia kudondoka!"

"Kuna nzi. Jamani, ametengeneza NZI."

"Kompyuta yako inatumia umeme wa wilaya nzima au?"

"Mkuu tufundishe hata huyo nzi tu."

Mama Vikombe alikaa chini. Kabla hajajua aandike nini, Kinyozi akarudi.

"Ngojeni. Nimeivuta picha ikawa kubwa. Kwenye mfuniko kuna mtu."

"Mtu gani?"

"Mama. Amefunga kilemba. Ameshika simu."

Kisha Mwalimu, kwa upole wake: "Kijiko, samahani. Hii ni picha ya kweli? Na huyo ni wewe?"

"Ndiyo mimi," akaandika. "Ni masufuria ya biashara yangu. Nimekosea kundi."

Zikaanza kumiminika. Shikamoo mama. Shikamoo mama. Shikamoo sana mama. Vijana waliokuwa wakimwambia "niaje bro" toka mwaka jana walipanga foleni mmoja mmoja, na yupo aliyetuma mara mbili kwa hofu. Kinyozi akaja wa mwisho: "Shikamoo mama. Na lile neno nililosema siku ile nilipougonga mwezi, naomba lifutwe."

"Marahaba wanangu wote," Mama Vikombe akaandika huku mbavu zinamuuma kwa kicheko. "Lile neno mimi pia nalitumia."

Hapohapo kicheko kikamkatikia. Kama masufuria yamekwenda kwa wana wa anga, kikombe kimekwenda wapi?

Akafungua kundi la wateja, lile ambalo Wifi naye yumo.

"Mbona hiki kikombe kinaning'inia?" aliuliza Fundi Cherehani. "Na masufuria yangu yako wapi?"

"Mmefungua tawi ghorofani?" mwingine.

"Huo ukumbi wenye dirisha hilo unakodishwa? Unabeba watu wangapi?"

Na chini yao, Wifi, kwa herufi kubwa: "HICHO KIKOMBE NI CHETU. NUKTA ZETU NAZIONA. ALIYEKICHUKUA AKAKITUNDIKA HUKO JUU AKIRUDISHE LEO. SIMTAJI MTU ILA ANAJIJUA."

Mama Vikombe hajamaliza kusoma, mlango ukafunguka bila hodi. Wifi, mwiko mkononi. Tangu siku ya "nenda" hakuwa amekanyaga mle ndani.

"Umeona? Umeona watu walivyo? Kikombe chetu wamekifanya pambo la dirishani! Nani amekutumia hiyo picha? Nitajie nyumba tu, nguo ninayo mwilini, naondoka sasa hivi."

"Wifi, kaa kwanza."

"Sikai! Kinachonitia wazimu ni kwamba nimehesabu jana na nimehesabu sasa hivi, na vyote vipo. Sasa hicho kimetoka wapi?"

"Nimekitengeneza mimi."

"Umekitengeneza kwa udongo gani?"

Mama Vikombe akaigeuza kompyuta imwelekee. Jiko lilikuwa bado limefunguliwa pale kwenye kioo, linaelea juu ya dunia. Wifi akainama. Akasogea. Makalio yakatua ukingoni mwa kochi bila yeye kujua.

"Hilo birika langu," alisema.

"Ndilo."

"Na ule waya nilioufungia mkono wake ulipovunjika?"

"Na waya."

Wifi akaufuata ukuta wa jiko kwa ncha ya mwiko, midomo ikihesabu. Kazi ni tabia.

"Humu wanakaa watu wangapi?"

"Wanne."

"Kimoja, viwili, vitatu, vinne," akagonga kioo kwa mwiko. "Na hicho kinachozurura peke yake?"

"Nyongeza."

Wifi akaushusha mwiko. "Ya nani?"

Hapo ndipo Mama Vikombe alipokosa pa kukimbilia, na nashukuru alikosa.

"Yako wewe," alisema. "Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba vyombo havitoki bila nyongeza. Nimeona unaondoka, hata kuniuliza hukuniuliza, nikasema basi angalau kikombe chako kibaki kwangu. Sitaki uende, wifi yangu. Sikutaka tangu ile siku nilipoona kamba."

"Sikukuuliza?" Wifi akainuka wima. "Mimi? Nilikaa hapahapa! Kochi hilihili! Nikakwambia mwanangu ananiita, tulianza wote, unasemaje, niende? Ukanijibu nenda. Hata uso hukugeuza! Nenda, nenda, nenda hivyohivyo, nenda mama, usigeuke!"

Mama Vikombe alimtazama mdomo wazi. "Nilisema usigeuke?"

"Kama unavyonisikia!"

Akaangalia kompyuta, akamwangalia Wifi, akaangalia kompyuta tena. "Wifi. Nilikuwa naongea na chombo."

"Chombo gani?"

"Hiki. Siku ile nilikuwa nakiingiza kwenye kituo. Kilikuwa kinataka kugeuka."

"Unakiita mama?"

"Kikikaribia nakiita mama. Kikigonga nakiita majina mengine."

Kicheko cha Wifi huanzia mabegani. Mabega yalianza kutikisika, mwiko ukatikisika, kisha sauti ikatoka, na ilipotoka Mama Vikombe naye hakujiweza. Walicheka wakashikana, wakaanguka kwenye kochi, wakanyamaza, mmoja akasema "usigeuke" na wakaanza upya.

"Yaani mimi nalowesha mto kila siku," Wifi alisema akijipangusa macho, "kwa ajili ya sufuria inayoruka!"

"Na mimi? Nimekula vibaya hadi sketi zinanishuka."

"Hizo sketi zilikuwa zinashuka toka zamani."

Mama Vikombe alikuwa anamsikiliza tu. Muda mrefu alikuwa hajatukanwa vizuri.

Wifi akachukua simu akampigia mwanawe palepale, sauti kubwa kama kawaida yake, kwa kuwa haamini simu.

"Mwanangu! Nitakuja kukutembelea, na hicho chumba nitakilalia, lakini masufuria siyahamishi. Kwa nini? Kwa sababu wifi yangu ana chombo huku juu kina watu wanne, na nimekikagua chote, hamna sufuria hata moja. Watapikia nini? Nani? Hapana, siumwi. Kula vizuri, kwaheri."

Akakata. Akairudia kompyuta, akaegemeza kidevu kwenye mpini wa mwiko.

"Hebu tuelewane. Hicho cha tano ni changu mimi?"

"Chako."

"Mimi ni mgeni hapa?"

"Mgeni wapi wewe, wifi?"

"Basi mbona changu hakina mahali pake? Vya wenzangu vimebanwa, changu kinazurura dirishani. Kibane. Kisiende popote."

Mama Vikombe akavuta kiti. Akaunda kibanio cha tano karibu na vile vingine, akakivuta kikombe kutoka dirishani, akakisogeza polepole hadi mahali pake. Safari hii hakusema nenda. Alikuwa amebana midomo kabisa. Kikombe kikaingia, ka!, kikatulia.

Wifi akahesabu tena kwa mwiko hadi tano, akaitikia kwa kichwa kuonyesha ameridhika, akaelekea mlangoni. Akasimama.

"Haya. Sasa weka cha sita."

"Cha sita cha nini tena?"

"Nyongeza," Wifi akasema, akimshangaa. "Mgeni hakosi."

Akatoka. Mama Vikombe akaunda cha sita, akakitia nukta zake mbili, akakiachia kielee dirishani. Alipokuwa anaitafuta miwani ili safari hii aitume picha kwenye kundi lake, ukuta ukagongwa kwa mwiko, ko ko ko. Akaiacha simu mezani, akachukua kikombe chake, akaenda.